Panya wa Jikoni kwa Dada

Weka dau lako mezani. Mimi naweka kofia yangu, na ni kofia ambayo watu wameshaitamani. Ukifika mwisho wa habari hii utasema nimepiga chuku. Utasema hakuna mtu mzima, mwenye akili na biashara yake, anayeweza kumsaka panya wiki nenda wiki rudi, akafumua mabomba, akavunja sakafu, akamvunjia heshima dada yake wa tumbo moja, kumbe panya mwenyewe hana mkia wala miguu. Haya, kofia iko mezani.

Jamaa anaitwa Pua. Jina alilopewa na wazazi lipo kwenye karatasi mahali fulani, lakini ukiliita mtaani hageuki mtu, hata yeye mwenyewe. Usidhani ni pua kubwa. Ni pua ya kawaida tu, tena imelalia upande kwa sababu ya bomba lililomfyatukia usoni ujanani. Anaitwa hivyo kwa sababu haachi kuisifu.

Kabla ya mambo ya waini alikuwa fundi bomba. Shule aliacha mapema. Yeye husema shule ndiyo iliyomwacha, ilikuwa na haraka zake. Lakini kwa kunusa alikuwa bingwa. Anaingia nyumbani kwa mtu, hajatua hata mfuko wa spana, anasema: choo cha juu, kiungo cha nyuma, na jana mlikaanga vitunguu mkaviunguza. Watu wanacheka. Ukuta unatobolewa, maji yanavuja pale pale. Zile mara alizotoboa ukuta mzima bure, hazisimulii.

Siku moja akaitwa shamba la mizabibu, kwenye mteremko nje ya mji, kwa mama mmoja ambaye kila mtu anamwita Mama Zabibu. Bomba la pampu lilikuwa limepasuka. Alipomaliza kazi, mama akammiminia glasi ya waini yake. Sasa waini ya Mama Zabibu si ile ya dukani. Zabibu zinapondwa, zinaachwa zichachuke zenyewe, basi. Hazitiwi dawa ya kuhifadhi, hazitiwi sukari, hazichujwi, na ukiinua glasi unaona ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Pua akanusa, akanywa, akanyamaza, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Halafu akasema inanukia bati la moto likipigwa na mvua, na ganda la chungwa lililosahaulika kwenye mfuko wa koti. Mama Zabibu alicheka mpaka akaegemea pampu. Tangu siku hiyo mabomba ya mji yakapoteza fundi.

Alikodi chumba kilichokuwa cha kinyozi, akakifanya baa ya kuuza waini ya Mama Zabibu. Kinyozi alishahama, lakini viti vyake vya chuma vilikuwa vimefungwa sakafuni kwa nati zilizomshinda Pua na spana zake zote, basi akaviacha. Vioo navyo akaviacha, kwa hiyo kwake mtu anakunywa huku anajitazama. Ukianza kujiona mzuri, ujue zimetosha. Hata kibao cha KINYOZI mlangoni hakukitoa. Watu walikuwa wanaingia kunyolewa. Pua anawaambia keti, kichwa tutakishughulikia, anawamiminia.

Kitu kingine cha pale ni glasi. Hakuna mbili zinazofanana. Mteja akishazoea, analeta glasi yake kutoka nyumbani, anaifunga uzi wa rangi yake kwenye shina, na Pua anampigia msumari ukutani wa kuitundikia. Isiyo na shina inafungwa kama mzigo. Fundi Cherehani wa duka la pili alileta glasi ya chai yenye uzi mwekundu. Nesi mstaafu alileta kile kikombe cha kioo cha kupimia dawa, akisema yeye hajazoea kunywa kitu bila kujua ni kiasi gani. Mtu kuwa na msumari kwa Pua ilikuwa heshima. Kuna waliogombea msumari wa karibu na dirisha kama wanagombea shamba.

Na nyuma ya hilo dirisha, tundu tu lililotobolewa ukutani, ndiko alikokuwa Dada.

Dada ni wa kwanza kuzaliwa, Pua wa mwisho, na wa katikati hawakujaliwa kubaki. Mama yao alipofariki, Dada alikuwa msichana mdogo ambaye tayari anapika kwenye jiko la hoteli. Pua amekua kwa mabaki ya harusi za watu asiowajua, yaliyoletwa yamefungwa kwenye kitambaa cha kichwa. Maisha yake yote Dada amepika jiko la mtu mwingine: hoteli, bweni, kantini ya kiwanda na ya hospitali, sufuria ambazo ungeweza kumwogeshea ng'ombe. Na kila jiko lilikuwa na bosi wake wa kusema punguza mafuta, ongeza maji. Jiko la kwa Pua lilikuwa na upana wa kitanda cha mtu mmoja, lakini ndilo la kwanza ambalo hakuna aliyemwambia ongeza maji.

Alipika visahani. Hapakuwa na cha kuchagua. Wewe unaagiza glasi, Dada anakuchungulia kupitia dirishani, anakutazama uso, halafu anakuletea kisahani anachoona kinakufaa. Uliyegombana nyumbani, maharage meupe laini, yamelowa mafuta na kitunguu cha kukaangwa polepole. Uliyeingia na majivuno, karoti za siki na pilipili, zikukate kidogo. Fundi Cherehani alipofiwa na mkewe alipelekewa mbilingani ya kuchoma, kila siku mbilingani, miezi na miezi. Siku alipoletewa uyoga alikitazama kile kisahani muda mrefu, akatabasamu, maana alielewa kwamba sasa ameanza kuonekana mzima.

Waini yenyewe Dada hakuionja hata tone. Alisema amelea mlevi mmoja, inatosha.

Sasa tatizo. Kwa kawaida Mama Zabibu hatoi dumu lolote mpaka alionje mwenyewe. Anazungusha mdomoni, anameza kidogo, halafu anasimama kimya akitazama mbali kama mtu anayesubiri mgeni. Pua aliona ni maigizo. Mwaka ule binti wa Mama Zabibu akajifungua, mama akasafiri kwenda kumsaidia, akaacha neno kwamba ile waini ya rangi ya chungwa isiguswe mpaka arudi. Pua akaenda shambani na gari la kukodi, akamkuta mlinzi peke yake. Akafungua dumu, akaitumbukiza ile pua yake, na pua ikamwambia tayari. Akapakia yote. Aliipa jina Mkwe, kwa sababu ni nzito, ina heshima zake, na ukishaikaribisha haiondoki.

Na tusimwonee, kwa kunusa ilikuwa nzuri kweli. Chumba kizima kilinukia asali na majani makavu. Watu walifumba macho.

Wa kwanza kulalamika ni Nesi. Alikunywa Mkwe, akatia uyoga mdomoni, akatafuna, halafu uso ukamkunjika kama aliyekanyaga kitu gizani bila viatu. Akamwita Pua pembeni. Akasema hataki kumuudhi mtu, ila ule uyoga una kitu kama panya. Kama stoo ya nafaka walikolala panya. Pua akachukua kisahani, akanusa, akala. Uyoga. Akamuuliza Nesi kwa upole wa kejeli kama siku hizi anameza vidonge vya presha.

Kesho yake akalalamika mwingine, tena kwa maharage. Halafu mwingine, kwa mkate mtupu. Cha ajabu, wenzao wa meza moja walikuwa wanakula kisahani kile kile na kulamba vidole. Dereva wa teksi alimaliza chake akaomba na kile alichokisukuma Nesi. Nesi akamwambia ulimi wake umekufa kwa kunyonya petroli kwa mpira. Dereva akajibu kwamba wa kwake umekufa kwa kuonja dawa za wagonjwa. Wakacheka, lakini Nesi hakumaliza glasi.

Dada alisikia yote kupitia dirishani. Akafika asubuhi na mapema, akatoa jikoni kila kitu mpaka nje. Akasugua kuta kwa sabuni na limau. Akatupa unga, akatupa mchele, akasogeza jiko, akafuta nyuma yake kwa kisu. Akatega mitego na vipande vya jibini. Jibini likaota ukungu mle mle mtegoni, hakuna hata aliyelinusa.

Pua naye akarudia ufundi wake. Aliyezoea mabomba anajua panya anatoka wapi: kwenye mtaro, kupitia chini ya sinki. Akafumua bomba lote, akavunja kipande cha sakafu, akalala kifudifudi na kutia pua kwenye tundu. Hakuna. Lile bomba lilikuwa safi kuliko roho yake. Lakini hakufikiri kwamba labda amekosea mahali. Alifikiri panya ni mjanja.

Kumtilia shaka Mkwe hakukuwa kwenye hesabu zake. Amtilie shaka vipi, na alimnusa mwenyewe?

Glasi zikaanza kuondoka. Hakuna aliyegomba. Mtu anakuja, anakunywa kidogo, anaongea habari za mvua, na akitoka anachukua glasi yake msumarini kana kwamba anaipeleka kuiosha. Ukuta ukaanza kubaki na misumari mitupu. Pua alikuwa akiitazama kupitia kioo, akiwa ameupa mgongo. Usiku alikuwa halali, na asubuhi macho yake mekundu yanasema aliyoyaficha mdomoni.

Siku ambayo kila mtu mtaani anaikumbuka ilikuwa siku ya mapumziko, jua bado liko juu, viti vya kinyozi vimejaa. Nesi alikuwa amekuja na wenzake aliofanya nao kazi, kuwaonyesha mahali pake. Pua aliwamiminia Mkwe kwa mbwembwe zote, akawaeleza asali, akawaeleza majani. Dada akawapelekea mbilingani. Mmoja wao akala, akasubiri, akatoa kitambaa akatemea, kisha akaweka uma chini taratibu sana.

Pua akaenda pale mezani. Akachukua vile visahani, vyote, akavimwaga kwenye ndoo ya taka mbele za watu. Halafu akageukia dirishani.

"Dada," akasema, na hakuinua hata sauti, "ulimi wako umezeeka. Unatulisha usichokionja."

Radio ilikuwa inaongea peke yake. Dada alimtazama kupitia lile tundu, kwa namna ile ile anavyowatazama wateja usoni kujua awape nini. Akavua aproni. Akaosha kisu chake, akakifuta, akakifunga kwenye kitambaa. Siku zote alikuwa anapita mlango wa nyuma. Siku hiyo alipita katikati ya viti, akawaaga wageni kwa heshima, akatoka kwa mlango wa mbele.

Pua akasema atarudi, hasira za kifamilia hazidumu. Akamimina raundi nyingine. Fundi Cherehani alimwambia, bila kumtazama, kwamba nguo ikichanwa kwenye mshono inashoneka, ikichanwa kwenye kitambaa ni habari nyingine. Pua akamwambia asilete ushonaji kwenye mambo ya watu.

Dada hakurudi. Na maneno yale mtaani hayakutulia. Dada alienda kuomba kazi kantini ya hospitali, mahali alipowahi kupika, wanapomjua. Walimkaribisha, wakamnywesha chai, wakamuuliza habari za nyumbani, na hakuna aliyetaja jiko. Alipokuwa anatoka alisikia nyuma yake mtu akiuliza kama ndiye yule wa panya.

Pua kazi ya jikoni aliichukua mwenyewe, na alikuwa anapika kama alivyokuwa anatoboa kuta. Baada ya siku chache akaona bora asipike kabisa. Akawa anachemsha mayai na kuyatoa na maganda yake, mteja amenye mwenyewe. Alijisifu kwamba hapo amemkata panya miguu, maana hakuna panya anayeingia ndani ya yai.

Fundi Cherehani akamenya yai, akala, akashushia Mkwe, akauma tena. Akaweka yai mezani. Akasema panya yumo.

Pua akasema basi ni kuku. Kuku wanakula nini huko wanakofugwa? Akaapa kubadilisha muuza mayai. Akabadilisha. Panya akabaki.

Fundi hakuwa mtu wa maneno mengi. Jioni moja alikuja mapema, chumba kikiwa karibu kitupu, akatoa glasi yake yenye uzi mwekundu, akaomba Mkwe, akakataa yai. Akanywa. Akakaa akijitazama kwenye kioo, tepu yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Kisha akasukuma glasi mbele.

"Pua," akasema, "tangu asubuhi mimi sijatia kitu mdomoni. Nimefunga tumbo makusudi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo huyu ninayemsikia sasa hivi hajatoka kwenye kisahani."

Pua alicheka. Alicheka kwa muda mrefu, peke yake. Halafu akachukua ile glasi akanusa, asali na majani makavu, akanywa, akasubiri. Hakusikia kitu. Akaita mpita njia, akaita mwenye duka la viatu, akamwita dereva wa teksi. Baadhi walikunja uso baada ya kumeza. Baadhi, dereva akiwemo, wakasema tamu, ongeza. Pua akawatazama wale waliokunja uso, mmoja mmoja, kama mtu anayeangalia picha ya harusi ambayo hakualikwa.

Akampigia simu Mama Zabibu, ambaye alikuwa bado kwa bintiye, mtoto akilia nyuma. Pua alianza mbali, akauliza hali ya mzazi, uzito wa mtoto, amefanana na nani. Mama Zabibu akamkatisha, akamuuliza amechukua ile ya rangi ya chungwa au hajaichukua. Pua akasema aliinusa kwanza.

"Kwani hiyo inanuswa?" mama akasema.

Akamweleza pole pole. Kwamba waini isiyotiwa dawa ikiwa changa hupatwa na hali hiyo, na wenyewe wanaiita hivyo hivyo, panya. Kwenye glasi hayupo. Anatoka akikutana na mate, na anatoka amechelewa, mtu ameshatia kitu kingine mdomoni, kwa hiyo lawama inaangukia chakula. Ndiyo maana yeye humeza na kusubiri. Wakati mwingine waini ikiachwa ikae, panya anaondoka mwenyewe. Na wapo watu hawampati kabisa, wamezaliwa hivyo. Marehemu mumewe alikuwa mmoja wao, angemaliza pipa anasifia.

Mwisho akamwonya kama mtu wa biashara anavyomwonya mwenzake. Baa yako, mwanangu, ni pua yako. Ukiwaambia watu kwamba kuna kitu huwezi kukionja, usitegemee wakuachie tena kuwachagulia.

Pua alifunga baa mapema. Alikaa kwenye kiti cha kinyozi na dumu la Mkwe miguuni. Alimeza, akasubiri. Alizungusha ulimini, akavuta hewa kwa meno, akajaribu kwa mkate, kwa chumvi, kwa yai. Mtu aliyekuwa anajua umekaanga nini jana alikuwa anakiomba kinywa chake kimpe ladha ya panya, mara moja tu, na kinywa kinampa asali.

Kesho yake akamwaga ile iliyofunguliwa, akafungia madumu mengine stoo, akaenda kwa Dada.

Dada alipanga chumba na sebule nyuma ya kituo cha mafuta. Pua alisimama mlangoni na aproni ya Dada mkononi, ameifua na kuipiga pasi, na akaanza mizaha. Akasema jiko linamlilia, sinki limegoma, mayai yameandamana. Akasema panya amepatikana, ameshughulikiwa, rudi kazini dada yangu. Hakusema amepatikana wapi.

Dada alimkaribisha ndani. Alikuwa na sufuria ndogo ya maharage motoni. Alichota kidogo kwa kijiko akaonja, akasita. Akaonja tena. Akatia chumvi, akaonja, akabaki ameshika kijiko hewani. Halafu akafanya kitu ambacho Pua hakuwahi kukiona toka wakiwa watoto. Akamnyooshea kijiko.

"Onja, mdogo wangu. Yana chumvi?"

Pua akaonja. Yalikuwa na chumvi mno.

"Nimekuwa namwita jirani anionjee," Dada akasema. "Naona kila nikitia mdomoni, simwamini huyu." Akagusa mdomo wake kwa kidole.

Mizaha ikamkauka Pua. Akakaa kwenye ukingo wa kochi. Akamweleza yote: shamba, dumu, Fundi kufunga tumbo, maneno ya Mama Zabibu. Alieleza haraka haraka, anatazama sakafu, na alipomaliza akasema samahani kwa sauti ya mtu anayekohoa.

Dada alizima moto. Akamuuliza nani mwingine anajua. Pua akasema Fundi, na wale wachache walioonja, lakini hao wanajua waini tu, hawajui kwamba yeye hamwonji panya. Hilo akasema libaki la ndani. Kwani lazima litoke? Watasema nilipata dumu bovu, bahati mbaya, wewe unarudi jikoni, maisha yanaendelea.

"Hukuniambia mimi," Dada akasema. "Uliwaambia wao. Basi kawaambie wao."

"Dada, wakijua, nitabaki na nini?"

"Utabaki na nilichobaki nacho mimi."

Hakumfukuza. Alimpakulia yale maharage yenye chumvi, na Pua akayala yote. Aproni ilibaki kwenye kochi. Dada hakuigusa.

Siku zilizofuata Pua alijaribu kila njia isipokuwa ile. Alimnong'oneza Fundi asambaze kwamba dumu lilikuwa bovu. Fundi akasema yeye anasambaza suruali tu. Alimtuma dereva wa teksi ampelekee Dada sufuria mpya. Ikarudi na dereva. Alianza kusema ukweli mbele ya mteja mmoja mmoja, na kila akifika pale penyewe anateleza, anaingia kwenye hadithi ya bomba. Akasikia pia kwamba Dada amekataa kumpikia jirani aliyekuwa na wageni. Amesema ulimi wake hauaminiki.

Hapo ndipo alipowaita watu. Alizunguka mwenyewe, kwa Nesi na wenzake, kwa kila aliyeondoa glasi, akawaambia kuna waini nyingine, safi, aliyoionja Mama Zabibu kwa kinywa chake kabla ya kusafiri, na siku hiyo ni bure. Wakaja. Bure haina mtu anayeinunia. Chumba kilijaa alasiri ile, wengine wamekaa kwenye ngazi ya nje, glasi zao mkononi, hakuna aliyeirudisha msumarini. Dada hakuwepo. Dirisha lake lilikuwa wazi, na nyuma yake giza.

Pua akapanda juu ya kiti cha kinyozi. Kiti kikazunguka, karibu aanguke, watu wakacheka. Na akicheka mtu, Pua anapona. Akaanza: panya tumemkamata, wazee, na mtashangaa, alikuwa anakunywa kuliko ninyi. Vicheko. Akasema panya mwenyewe ana pua nzuri kushinda yangu. Vicheko zaidi. Akaona namna ambavyo angeweza kuishia pale. Watu wameridhika, waini ipo, kila mtu angeenda nyumbani akisema Pua bwana, ana vituko, na habari ya panya ingekuwa kichekesho, na Dada angebaki ndani ya kichekesho hicho.

Akajiona kwenye vioo, mbele na nyuma, akina Pua wengi wamesimama juu ya viti.

Akasema panya alikuwa kwenye waini. Wakacheka. Akasema hapana, kweli. Wakacheka tena, Nesi alikuwa anafuta machozi. Amewachekesha miaka yote, sasa hata akiungua watadhani anacheza. Fundi Cherehani peke yake hakucheka. Alinyanyuka, akaenda akazima radio, akarudi akakaa.

Pua akashuka kwenye kiti. Akasimama sakafuni, pale pale alipokuwa amemwaga visahani, akasubiri mpaka mtu wa mwisho akanyamaza. Ilichukua muda, na muda huo wote hakuwa na pa kuweka mikono.

"Kitu kile kilikuwa kwenye waini yangu," akasema. "Niliichukua kabla ya wakati, na mimi ladha ile siipati, sikuwahi kuipata. Chakula cha dada yangu hakikuwa na kitu. Nilikosea."